Mafuta Yaliyopenya Ngozi

Kavata alipofika Kyuso na kumkuta dada yake amevimba uso hadi macho yamebaki kama mistari miwili, hakulia. Wanawake waliokaa kando ya kitanda walikuwa wakilia tayari, na kilio chao kilimkera. Aliinama, akashika mguu wa Kasyoka, akabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Unapaka nini?" aliuliza.

"Hata hujanisalimia," Kasyoka akasema.

"Dada, unapaka nini?"

Kasyoka ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyeacha shule ili Kavata asome, na Kavata akasoma kweli, hadi akawa mwalimu wa kemia katika chuo kimoja mjini Wote. Kasyoka hakuzoea kuhojiwa na mtoto aliyembeba mgongoni. Lakini siku hiyo hakuwa na nguvu ya kugomba. Alionyesha kwa kidevu, chini ya kitanda.

Kopo lilikuwa dogo, jeupe, lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Liliandikwa *Pambazuko, mafuta ya mitishamba*. Basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna maelezo ya kilichomo. Kavata alimtazama dada yake vizuri. Chini ya ule uvimbe, uso ulikuwa mweupe wa ajabu, lakini vifundo vya vidole na masikio vilibaki vyeusi kama Mungu alivyoviacha.

"Dokta amesema ni figo," Ben, mume wa Kasyoka, alisema akiwa amesimama mlangoni. "Amesema zinavuja. Akauliza kama amekunywa dawa ya miti. Tukasema hapana."

"Na hamkumwambia anajichubua?"

"Sasa kupaka mafuta na figo, hiyo inaingiliana wapi?"

"Nani alimwambia ajichubue, Ben?"

"Hakuna mtu alimlazimisha."

"Sijauliza nani alimlazimisha."

Mmoja wa wale wanawake alijifuta machozi, akasema kwa sauti ya chini kwamba karibu wote pale wanapaka, kwamba Mzee Kiema huyauza baada ya ibada, nje ya kanisa, na kwamba mzee huyo mwenyewe ndiye anayeyaleta kwa jumla na kuyapeleka hadi Mwingi. Mzee Kiema! Mzee wa kanisa, yule ambaye mkono wake ndio hupokea sadaka.

Kavata alilichukua lile kopo, akatoka bila kuaga.

*

Duka la Kiema lilikuwa la simenti, mabati na dawa za mifugo. Katoni za Pambazuko zilipangwa nyuma, mpaka darini. Alimpokea Kavata kwa ukarimu mkubwa, akamwita "mwalimu wetu", akamvutia kiti. Kavata hakuketi.

"Kuna nini ndani ya hii?"

"Miti tu. Aloe, limau, vitu za shamba."

"Hakuna aloe inayofanya mtu awe hivi. Dada yangu amelala, figo zimeharibika. Nashuku hii kitu ina zebaki."

Kiema alitabasamu, akageuka kwa wateja waliokuwa wakisubiri misumari, kana kwamba wao ndio waliouliza. "Sikieni msomi. Haya ni mafuta ya juu. Mungu aliumba ngozi kama ukuta. Mvua ikikunyea, maji huingia tumboni? Ukioga na sabuni, unakojoa povu?"

Wateja wakacheka.

"Dada yangu anakojoa povu," Kavata alisema.

Kicheko kilikatika. Uso wa Kiema haukubadilika, ila sauti ndiyo iliyopoteza ukarimu. "Pole kwake. Tutamwombea. Lakini kama unasema mafuta yangu yamepita ngozi ya mtu, onyesha. Kata mtu uangalie ndani. Na kama huwezi, usichafue jina langu kwa hii soko."

Kavata aliondoka. Alijua kwamba yule mzee, kwa ujinga au kwa ujanja, alikuwa ameuliza swali la haki. Kupima zebaki ndani ya kopo ni rahisi, na Kiema angejibu kwamba iko ndani ya kopo na haiendi popote. Ilibidi aonyeshe kwamba inapenya. Na asingeweza kumkata mtu.

*

Kivuva alifuga na kuchinja nguruwe Kasikeu, bondeni chini ya soko. Alipoambiwa na mwalimu wa chuo kwamba anataka masikio tu, alidhani anataniwa.

"Masikio? Watu wanataka mapaja, wewe unataka masikio?"

"Na nitayakata kabla hujamwagia maji moto."

"Nywele zitabaki."

"Ndio nataka. Ukishamwagia maji moto, ngozi ya juu imekufa. Haizuii kitu tena. Nataka ile mbichi, inayofanya kazi yake."

"Kazi gani?"

Kavata alimweleza, na alipokuwa akieleza hasira yake ilitulia kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitu alichokijua. Ngozi ya nguruwe haina manyoya mengi kama ya mbuzi au sungura. Unene wake, mafuta yake, hata jinsi tabaka la juu lilivyoshikana, vinakaribiana na vya binadamu kuliko vya mnyama mwingine wa zizini. Ndiyo maana duniani kote anayetaka kujua kama dawa inapita kwenye ngozi ya mtu huanza na nguruwe. Ikizuiwa na ngozi ya nguruwe, huenda ya mtu nayo ikaizuia. Ikipita, ole wetu.

Kivuva alisikiliza, kisu mkononi. Akamtazama nguruwe aliyekuwa akikoroma kwenye matope. "Sasa huyu ni ndugu yetu?"

"Wa ngozi tu."

"Chukua masikio, mwalimu."

Aliyabeba kwenye sanduku la barafu hadi Wote. Maabarani aliyachuna, akazitandaza zile ngozi kwenye vikombe vya kioo vyenye vyumba viwili, ngozi ikiwa katikati kama kiwambo cha ngoma. Juu alipaka Pambazuko kwa kidole kilichovaa glavu, jinsi mwanamke anavyopaka shavu. Chini aliweka maji yenye chumvi, ya joto la mwili, yakae mahali pa damu. Kwenye vikombe vingine alipaka mafuta ya kawaida ya watoto, ili apate cha kulinganishia. Kisha akasubiri, akiyachota yale maji ya chini mara kwa mara na kuyatia kwenye chupa. Chupa hizo, pamoja na kopo lenyewe na zile ngozi, alizipeleka Nairobi kwenye maabara yenye mashine ambayo yeye hakuwa nayo.

Majibu yalipokuja, alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa chuo, wanafunzi wakipita. Kopo lilikuwa limejaa zebaki. Maji yaliyokaa chini ya mafuta ya watoto yalikuwa safi. Maji yaliyokaa chini ya Pambazuko hayakuwa safi. Zebaki ilikuwa imevuka. Na nyingine, nyingi zaidi, ilikuwa imejificha ndani ya ngozi yenyewe, ikingoja zamu yake.

Alipiga ukuta kwa ngumi. Wanafunzi wakasimama kumtazama.

Mkuu wake wa idara alimpongeza. Alisema ni kazi nzuri, iandikwe, ipelekwe kwenye jarida, wataalamu waipitie. Mwaka mmoja hivi.

"Mwaka mmoja watu wanapaka," Kavata alisema.

"Utaratibu ni utaratibu."

Kavata alimjibu neno ambalo hakuwahi kumjibu mkubwa wake, akaufunga mlango kwa nguvu. Aliwapigia simu wakaguzi wa bidhaa, akawatumia kila kitu, nao wakaahidi kufika Kyuso juma lile. Hakutaka kuwangoja akiwa Wote.

*

Alimkuta Kasyoka amekaa nje kivulini, uvimbe umepungua kidogo kwa dawa za hospitali. Na uso unang'aa mafuta.

"Umepaka tena?"

"Nikiacha, ngozi inakuwa na madoa kama ya chui. Nitatokaje nje?"

Kavata alimpa habari yote, kwa haraka, kwa ukali, bila kupumua. Kopo, zebaki, vikombe vya kioo, masikio ya nguruwe. Alitarajia dada yake ashtuke. Kasyoka alishtuka kweli, lakini si kwa alichotarajia.

"Umenipima kwa ngulue?"

"Sikukupima wewe. Nilipima ngozi ya..."

"Umeenda kwa watu wa Wote, watu wamesoma, ukawaambia ngozi ya dada yako ni kama ya ngulue. Mimi. Niliyekuosha."

"Ningefanya nini? Ningekukata wewe?"

"Ungeniuliza! Hukuniuliza kitu tangu ulifika. Uliingia ukachukua kopo ukaenda. Hata Ben huniuliza."

"Ben! Ben ndiye aliyetaka mke mweupe!"

"Ndio, alitaka!" Kasyoka alipiga kelele, na kelele hiyo ikamkatisha pumzi. Alishika kifua, akangoja, kisha akaendelea kwa sauti iliyopasuka. "Alisifu mke wa mtu mbele yangu, nikajua anataka nini. Unafikiri sijui? Unafikiri wewe pekee ndiye una hasira hapa?"

Walikaa wakiwa wamepeana migongo, kama walivyokuwa wakifanya utotoni, isipokuwa sasa hapakuwa na mama wa kuwapatanisha.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Kavata alianzia kwa Hasina, jirani wa Kiema, mwenye duka la leso na vipodozi. Ukoo wa Hasina ulitoka pwani zamani na biashara ya nguo, lakini yeye alizaliwa Mwingi na Kikamba chake hakikuwa na doa. Alikuwa akiuza Pambazuko kwa rejareja. Kavata alimweleza, akijiandaa kwa ugomvi mwingine, na alipofika kwenye nguruwe alisita.

"Mama Safa, samahani, ni lazima nikuambie ukweli. Nilitumia ngozi ya nguruwe."

"Nimekusikia," Hasina alisema. "Huyo mimi simli na simgusi. Lakini hukunipakulia sahanini, umemtumia kupima. Niambie moja tu. Ilipita?"

"Ilipita."

Hasina aligeuka, akaita jina la binti yake kwa sauti kali. Safa akatokea nyuma ya pazia, uso mweupe, shingo nyeusi. Mama na binti wakatazamana. Hasina akaanza kuyashusha makopo kutoka rafuni, akiyatupa moja moja ndani ya ndoo kwa kishindo.

Neno lilifika kwa Kiema kabla ndoo haijajaa. Alitoka na kipaza sauti cha kutangazia bei ya simenti, akapanda juu ya magunia mbele ya duka lake, naye alijua kuhubiri.

"Wamama wa Kyuso! Njooni msikie mmetukanwa! Huyu mwalimu ametoka Wote kuwaambia ngozi zenu ni sawa na za nguruwe! Amechinja nguruwe Kasikeu, akampaka mafuta, sasa anasema nguruwe huyo ni nyinyi! Mungu alisema aliumba mtu kwa mfano wake. Huyu anasema ni kwa mfano wa nani?"

Watu walijaa. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya waliacha nyanya zao. Mmoja akamwita Kavata mshenzi. Mwingine akauliza kama chuo ndicho kinachofundisha kutukana wazazi. Kavata alijaribu kueleza habari ya tabaka la ngozi na sauti yake ikamezwa. Ndipo hasira ikampanda kichwani, akasema kitu ambacho hakikumsaidia hata kidogo.

"Basi pakeni! Pakeni mpaka mfe! Nguruwe wana akili kuliko nyinyi!"

Kelele iliyofuata ilikuwa ya kutisha. Nyanya mbovu ilimpata begani. Kiema alishusha kipaza sauti, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu ambaye shahidi wa upande wa pili amemfanyia kazi yote.

Kasyoka alikuja akiwa amebebwa kwenye bodaboda. Alishuka polepole, akafunga leso vizuri, akaanza kutembea katikati ya watu. Uso wake uliwafanya wapishe njia. Wengi walikuwa hawajamwona tangu alipougua. Alifika mbele ya yale magunia, akainua macho.

"Mzee Kiema. Mimi unanijua."

"Nakujua, dada. Tunakuombea."

"Nilipaka mafuta yako miaka miwili. Wewe ulinipa la kwanza bure, ukasema nijaribu. Unakumbuka?"

Kiema alihamishia macho kwa umati.

"Mimi nilikasirikia mdogo wangu sababu ya ngulue. Nimelala nikifikiria. Huyo ngulue wa Kasikeu alikufa kwanza ndio akapakwa. Mimi nilipakwa nikiwa hai. Sasa niambie, mzee, kati yetu nani alifanywa ngulue?"

Wachuuzi wa mbuzi kule mwisho waliacha mbuzi wao, wakasogea.

"Na kitu moja ya mwisho," Kasyoka alisema. "Mke wako anapaka?"

Macho yote yakahamia kwa Kaveke, mke wa Kiema, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa duka na kitambaa cha kufutia mikononi. Alikuwa mweusi, mweusi wa kupendeza, bila doa.

"Kaveke, ingia ndani," Kiema akasema.

Kaveke hakuingia. Alitazama uso wa Kasyoka. "Alinikataza," alisema. "Mimi na wasichana wetu. Alisema haya hayaingii kwa nyumba yake. Nilifikiri ni kwa sababu ya bei."

Hakuna aliyetoa amri. Umati ulisogea tu, kama maji ya mto wa mvua. Kiema aliruka kutoka kwenye magunia akakimbilia nyuma ya duka, kipaza sauti kikabaki chini kikilia peke yake. Wanaume walianza kubomoa madirisha. Mtu akapiga kelele, "Choma! Choma yote!" Mwingine tayari alikuwa na dumu la petroli.

Na Kavata alitaka lichomeke. Alitaka kila katoni iwake, alitaka Kiema aone moshi kutoka popote alipojificha. Kwa nukta kadhaa alisimama akiutamani ule moto kama mtu mwenye kiu. Kisha akakumbuka zebaki hufanya nini ikipata moto, na akajikuta anakimbia, akijipenyeza, akisukuma mabega ya watu, mpaka akasimama mlangoni, mikono ameinyoosha.

"Msichome!"

"Toka, mwalimu! Si wewe ndiye ulisema ni sumu?"

"Ni sumu! Ndio maana! Zebaki ikichomwa inakuwa moshi, na huo moshi mtauvuta nyinyi! Nyinyi na watoto wenu! Atakuwa amewaua mara ya pili na yeye hayuko hapa!"

"Anamtetea!"

"Namtetea?" Sauti yake ilipaa, ikakatika. "Nitazameni! Mimi ningemchoma yeye mwenyewe!"

Mwenye dumu alisita. Kasyoka alikuja akasimama kando ya mdogo wake, akiegemea mlango kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi. Halafu Kaveke. Halafu Hasina akapasua watu akiwa na kufuli kubwa la duka lake, akalifunga kwenye mlango wa Kiema, akauweka ufunguo ndani ya nguo kifuani.

"Anayeutaka aje achukue," alisema. Hakuna aliyekwenda.

Wakaguzi walifika kesho yake, wamevaa glavu na barakoa, wakazitoa katoni moja moja na kuzipakia kwenye lori. Kiema alikamatwa Mwingi, akashtakiwa, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi yake inaahirishwa na kuahirishwa tena. Kanisani aliondolewa cheo cha uzee, lakini wapo wanaompa mkono bado, na Kavata anawajua kwa majina. Mkuu wake wa idara alimpa barua ya onyo kwa kutangaza utafiti kabla ya wakati. Aliisoma, akaikunja, akaenda darasani.

Figo za Kasyoka zilirudi, ila si kikamilifu. Dokta amesema zitunzwe kama yai. Ngozi ilirudi pia, kwa madoa, ikiwa nyeusi zaidi hapa na nyepesi pale, na kuna asubuhi ambazo hataki kutoka nje. Ben aliomba msamaha mbele ya wazee. Kasyoka alimsikiliza hadi mwisho, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na wazee walipomsukuma aseme, aliwauliza kama wao ndio waliovimba.

Kavata alikwenda kumwona wakati wa mavuno. Alimkuta uani, ndengu zimetandazwa juu ya turubai, Kasyoka anazipiga kwa fimbo. Alizipiga si kama mtu anayetaka kutoa punje kwenye maganda. Alipiga kwa meno yaliyoumana, vumbi likiruka, punje zikitawanyika hadi kwenye ua.

"Dada, dokta alisema upumzike."

"Nilishapumzika."

"Utajiumiza."

Kasyoka alisimama, akafuta jasho kwa kiganja, akamtazama. Uso wenye madoa ulikuwa umewaka.

"Kuna fimbo ingine hapo nyuma ya mlango," alisema. "Ilete."

Kavata alivua viatu, akaenda kuichukua.